Injinia, Raba za Njano na Mkono wa Shemeji Yake

Fundi wa baiskeli tuliyemsindikiza hapa leo, ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake la kwenye cheti kwa sababu lilimezwa na la Injinia, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa bohari la saruji. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni na kilio cha kubishana, mpaka mkunga akanyamaza kumpisha.

Shule aliingia mwaka 1973, akatoka mwaka 1977 akiwa darasa la tano. Mwenyewe alisema hakuacha shule, ni shule iliyoshindwa kumfuata. Ukweli ni kwamba baba alivunjika mguu kazini, na mtoto aliyejua kuziba pancha akaonekana ana kazi tayari. Kusoma alisoma kwa kuvizia tu: vichwa vya habari, maandishi ya kwenye makopo, michoro. Maelezo yakiwa marefu aliyakunja akayatia mfuko wa nyuma, akasema atayasoma akitulia. Hakuna aliyewahi kumwona ametulia.

Mwaka 1991 alifungua karakana yake, chumba chembamba kama kabati, baiskeli zinaning'inia darini. Kujisifu ndiko kulikokuwa bango lake. "Baiskeli ikitoka hapa ikarudi," alikuwa akiwaambia wateja, "ujue imekuja kusalimia." Lakini tusimpunje: kazi aliijua. Spoku alizikaza kwa kuzipiga kwa ukucha na kusikiliza mlio, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

Tarehe 17 Desemba 1994 alimwoa fundi cherehani wa chumba cha jirani. Uchumba ulianza pale alipojitolea kumtengenezea cherehani bure, akaiharibu zaidi, ikabidi awe anarudi kila siku. Walijaliwa watoto watatu. Pamoja na mke alipata shemeji, mdogo wa mkewe, kinyozi wa barabara ya sokoni, na wawili hao walitukanana kwa mapenzi tangu asubuhi mpaka kufunga.

"Kichwa hiki natakiwa nikutoze mara mbili, shemeji," kinyozi alikuwa akimwambia. "Mara moja nywele, mara ya pili maneno."

"Nyoa, acha wivu. Kichwa hiki kina injini."

Wote wawili walikuwa kwenye kikundi cha waendesha baiskeli wa Jumapili. Mwaka 2017 kikundi kikapandwa na homa ya baiskeli za kaboni, nyepesi kuliko chuma. Kila mtu alitaka fremu nyepesi ya kunyanyua kwa kidole na magurudumu meusi yanayovuma kama feni. Za dukani zilikuwa za wenye nazo. Injinia akaingia kwenye simu, akapata kiwanda cha ng'ambo kinachouza fremu na magurudumu, vyote vyeusi tii, havina jina wala nembo, na kwa bei ya gurudumu moja la dukani unapata mawili. Aliongea na dada wa mauzo wa huko kwa programu ya kutafsiri, nayo ilitafsiri kila kitu kwa mahaba.

"Huyu anayekuita rafiki mpendwa kila saa ni nani?" mkewe aliuliza.

"Ni kiwanda, mama watoto."

"Kiwanda kinakuuliza umelalaje?"

Mzigo ulipofika alifungua maboksi mbele ya watu. Aligonga kila rimu kwa sarafu kutafuta ufa, akatingisha kichwa kama daktari. Kwenye kila boksi kulikuwa na karatasi ndefu na kifuko cha raba za breki za rangi ya njano. Karatasi zikaenda mfuko wa nyuma. Raba aliona ni zawadi ndogo tu, kwa sababu baiskeli zote zilikuwa tayari na raba nyeusi, tena nzima. Cherehani ya mkewe ilikuwa inacheza mguu mmoja. Akasokomeza raba za njano chini, ikatulia. Aliisifia kazi hiyo wiki nzima.

Jumapili ya tarehe 11 Machi 2018, kikundi kikiteremka kilima cha mnara wa simu, rimu ya mbele ambayo Injinia alimfungia shemeji ilipata moto kwa breki, ikalainika, tairi likapasuka. Alivunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wa kinyozi.

Kabla plasta haijakauka, Injinia alikuwa ameshatoa hukumu mbele ya kikundi. Kwanza alikitukana kiwanda, na yule dada akaomba radhi na kutuma gurudumu jingine bila ubishi. Halafu akamgeukia mgonjwa. "Rimu haina kosa hivyo. Shemeji hapigi breki, anakamua. Anabana kama anakamua blanketi." Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Kuanzia siku hiyo kinyozi akaitwa Kamua. Aliitwa Kamua sokoni, akaitwa Kamua kwenye harusi ya mpwa wake, kwenye kipaza sauti. Na sisi wa familia hii ndio tuliolilea jina hilo. Mkono ulipopona ulibaki unatetemeka. Akaacha wembe, akabaki na mashine peke yake, na wateja waliopenda kunyolewa ndevu wakahamia kwingine. Tukasema, Kamua amezidi kununa siku hizi.

Mwaka 2021 Injinia aliagiza tena kutoka kiwanda kilekile. Safari hii karatasi ilikuwa na mchoro: raba nyeusi imepigwa alama nyekundu ya kosa, raba ya njano imewekwa alama ya sawa, na pembeni rimu inayotoa moshi. Kaboni haitaki raba ya kawaida; raba hiyo huiunguza rimu. Mchoro huo hauhitaji darasa la sita. Alifunga karakana, akaenda nyumbani, akapiga magoti chini ya cherehani.

"Unatafuta nini kwenye miguu yangu?" mkewe alimuuliza.

Akamfungulia kiganja.

"Hizo za nini?"

"Za breki."

"Breki za nani?"

Injinia alikaa sakafuni. Mkewe alizima taa ya cherehani, maana alikuwa ameshaelewa. Kesho yake alimwambia, "Nenda wewe. Nikienda mimi, ni ndugu yangu, atanisamehe mimi."

Kwenda hakukuwa rahisi. Alikaa na aibu hiyo miezi, na mtu akitamka Kamua mbele yake, alicheka kidogo, kwa pua. Hatimaye akaenda Jumamosi moja, saluni imejaa, akasema yote amesimama. Kinyozi alimsikiliza ufagio ukiwa mkononi.

"Umewaambia watu sita humu," akasema. "Waliocheka walikuwa sita, shemeji?"

Injinia akatoka kuwatafuta waliobaki. Hapo ndipo maisha yake yote ya utani yalipomgeuka. Aliwaeleza wa kikundi cha Jumapili, wakaangua kicheko wakidhani ni kichekesho kipya. Aliwaeleza wa sokoni, wakamwambia, "Injinia bwana, hukosi." Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Dada wa kiwandani pekee ndiye aliyemwamini: Injinia alimwomba radhi kwa matusi yale, akajibiwa, "Asante rafiki mpendwa, je, unahitaji magurudumu mengine?"

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kutanuka. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, akawa anatengeneza baiskeli amekaa. Alimwita mdogo wake, huyu anayewasomea, akamwambia: "Wasifu wangu uandike wewe, usimpe mwalimu yeyote, atanipaka rangi. Hili liweke ndani, lisomwe. Siku hiyo hakuna atakayedhani natania." Alifariki asubuhi ya Jumatano tarehe 22 Januari 2025, wodi ya wanaume, mkewe akiwa amemshika kisigino.

Basi na lisikike kama alivyoagiza. Kinyozi alipiga breki kama mtu yeyote anayeteremka kilima. Kosa lilikuwa la fundi. Fundi alilijua, na akachelewa kulisema. Lile jina tulilompa lilikuwa uongo, na familia hii inaona haya kulitamka hata leo kwa mara ya mwisho.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mkubwa mmoja na wadogo wawili. Kabla ya kuchapwa, ukurasa huu ulipelekwa saluni. Kinyozi aliusoma mara mbili, amesimama, akarudisha. Tulipomuuliza tumwandike vipi kati ya waliobaki, aliuchukua ufagio wake.

"Andikeni mteja. Hilo la shemeji nitawaambia mwenyewe, nikiwa tayari."

Ameacha pia mteja mmoja.

Maneno yake yamesomwa yote, mbele ya watu. Sasa apumzike, na amani imkute huko aliko.