Ada ya Eveline Ilikorudi

Kabla hujaketi, apa. Apa kwamba utakayosikia kwenye benchi la kahawa la Bertha, sokoni Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba, hutayatoa nje. Bertha mwenyewe aliapa mbele ya Paskalina, mwenye siri yenyewe, mkono juu ya kitabu cha nyimbo, kwamba hatamwambia mtu. Akakaa nayo tangu Jumapili mchana mpaka Jumatatu asubuhi, akashindwa. Baridi ilikuwa ile ya Julai, ya kushika kikombe kwa mikono miwili, na benchini walikuwa wawili tu: Sedekia fundi saa, aitwaye Waziri kwa kujua kila kitu, na Brayson dalali wa viazi, aitwaye Fiksi, yaani uongo, kwa sababu zake. Wawili si watu, Bertha akajiambia. Watu ni kuanzia watatu.

— Apeni kwanza.

— Tumeapa, mama. Mwaga, akasema Fiksi.

— Eveline wa Paskalina hakwenda ng'ambo. Viza imegoma. Tangu tulipomuaga amejificha kwa shangazi yake Mafinga.

Waziri akashusha kikombe. Pilau ya kumuaga alikula sahani mbili.

— Na ada? Zile ng'ombe tatu mama yake aliuza?

— Ndiyo roho inamuuma. Chuo cha Iringa kimemkubali, ila Ijumaa wanafunga usajili. Ada isiporudi, mtoto atabaki kuosha masufuria ya shangazi.

Hapo akatokea Anord, wakala wa kupeleka watoto vyuo vya nje, ndani ya koti jipya. Akawanunulia wote kashata, akauliza kuna nini. Bertha akamwapisha naye, akamwambia.

— Ada ya ng'ambo hairudi, akasema Anord. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Inarudi, akasema Waziri. Viza ikigoma, unawapa barua ya ubalozi, wanakata kidogo, nyingine wanarudisha. Hata chuo kikifa, kwingine kuna mfuko wa kumlinda mwanafunzi mgeni.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Fiksi. Ada yake ndiyo imenunua hilo jembe.

— Fiksi, kunywa kahawa, akasema Bertha.

— Nasema ukweli. Wana ghala chini ya ardhi. Ada ya Mtanzania inapozwa humo miezi sita itoke harufu ya ng'ombe.

— Haipozwi, inalindwa, akasema Waziri, naye sasa amenogewa. Kuna askari wa ada kabisa, na mbwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe ni risiti.

Bertha alicheka mpaka birika likamwagika. Anord alicheka kuliko wote.

Kicheko hakijaisha, binti mwenye vumbi la mbao la Mafinga kwenye skafu akasimama mbele yao. Eveline. Waliokula pilau yake wakaangalia viatu vyao.

— Shikamooni. Mama Bertha, naona siri yangu imeamka mapema.

— Marahaba, mwanangu. Hao waliapa.

— Sikujia hiyo. Niliwaandikia chuo cha ng'ambo mwenyewe. Wamejibu ada walirudisha tarehe nane, kwenye akaunti ileile iliyolipa. Naomba mnisaidie: iliyolipa ni akaunti ya nani?

Wote walikuwa kwenye kamati ya kumuaga. Paskalina hakuwa na akaunti ya benki, na ni wao waliomchagua mtu wa kulipa kwa akaunti yake mwenyewe, wakampigia na makofi: kijana wetu, ana uzoefu, anajua Kiingereza.

— Labda imekwama njiani, akasema Anord. Benki za huko zina mambo.

Alisema akimtazama Eveline usoni, ila mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya benchi, na Bertha, ambaye hajawahi kupitwa na mkono wa mtu, akauona mwanga wa simu. Akaweka birika chini taratibu. Akaukamata mkono kwenye kifundo, akauinua juu na simu yake, wauza mitumba wakiacha nguo na kusogea.

— Waziri, vaa miwani, soma.

Waziri akavaa. Akasoma kwa sauti, kama somo la kanisani:

— Ujumbe wa benki, tarehe nane. Umepokea marejesho ya ada, mwanafunzi Eveline. Halafu chini, simu inauliza: Futa ujumbe huu?

Kidole cha Anord kilikuwa bado juu ya Ndiyo.