Hodi ya Pili Haifunguliwi Mlango

Feri ya Likoni haikuwa imefika hata katikati ya maji, na Bi Mwanasiti wa Msambweni alikuwa ameshajua siri zote za vijana wawili waliosimama mbele yake. Linet, mtandika vitanda wa hoteli huko Diani, alikuwa ameifundisha kompyuta ya kuandikia barua kutii herufi moja tu kwa kila swali inalouliza. Leo angemwonyesha wakili mmoja mjini programu hiyo, na ikimpendeza angeajiriwa, buriani mashuka.

"Lakini jana umenifutia barua nzima, Owen!" alilalamika Linet. Mwenzake akaruka: "Si mimi, ni programu yako. Iliuliza, 'Nihifadhi?' Nikabonyeza N ya ndiyo. Kimya! Nikabonyeza tena." Linet akasonya. "Na hiyo N ya pili ikangoja, ikajibu swali lililofuata: 'Nifute?' Kidole chako kina kiherehere."

Bi Mwanasiti hakuweza kujizuia. "Wanangu, hata mimi nikipigiwa hodi huchelewa, nafunga leso kwanza. Mgeni akipiga ya pili nikiwa njiani, simfungulii mara mbili. Hiyo mashine yenu haikufunzwa adabu?"

"Shikamoo, bibi," alicheka Linet. "Naweza kuifunza! Kabla ya kuuliza la pili, itupilie mbali chochote kilichobonyezwa mapema. Ni mstari mmoja tu, nitauandika palepale."

"Kwa hivyo kosa lilikuwa la programu," alidai Owen.

"La kidole!"

Feri ikagota ng'ambo, mlango ukateremka. Linet alishuka wa kwanza, mbio. Bi Mwanasiti alibaki nyuma, akifunga leso.