Nimemsamehe, na Mahakamani Nikaenda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Kule nyuma karibu na mlango sijawasikia. Haya, sasa nimewasikia.

Mimi ni Mama Oresta, nauza maharage sokoni Namanyere. Wengi mnanijua kama yule mama wa kuletwa ibadani kwa baiskeli. Leo mmeniona nimeingia natembea. Mungu ni mwema!

Kulikuwa na fuso la tajiri mmoja anayenunua mahindi. Handibreki yake ilikufa siku nyingi. Dereva akipaki pale kwenye mteremko wa soko, anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi. Sisi tulikuwa tunacheka tu, tukaliita fuso la jiwe. Siku hiyo wanapakia magunia, jiwe likachomoka. Gari likarudi nyuma, likanikuta nimeinama napima maharage. Mguu wa kulia nilikatwa chini ya goti, hospitalini Sumbawanga.

Ndugu zangu, nililia. Mimi ni mjane, na kazi yangu ni ya kusimama na kubeba. Wanangu wangekula nini?

Tajiri akaja nyumbani na gunia la mahindi, pamoja na wazee wawili wa kanisa hili hili, na msigeuke kuwatafuta. Wakaniambia, "Mama Oresta, wewe umeokoka. Samehe yaishe, ni mapenzi ya Mungu."

Niliwaomba muda, nikasali sana, mpaka Mungu akanipa amani. Nikamwita tajiri. Nikamwambia, "Baba, nimekusamehe kwa moyo wote, kinyongo sina. Lakini lile jiwe hakuliweka Mungu. Mahakamani nitakwenda."

Nikapata mwanasheria wa msaada wa bure. Akanieleza kwamba bima ya gari inaweza kunilipa fidia, ila lazima tuonyeshe gari lilikuwa bovu na mwenyewe alijua. Sasa nani atasema? Wenzangu wote sokoni wanamuuzia tajiri yule mahindi ya mashamba yao. Hapo niliogopa kweli.

Siku ya kesi nikaingia na magongo yangu, najiona niko peke yangu. Kugeuka, namwona Mama Deo, jirani yangu wa meza, amejifunga kitenge chake cha Pasaka. Nyuma yake wauza maharage wote, wamefunga biashara! Walieleza habari za jiwe mmoja baada ya mwingine, mpaka hakimu akauliza kama kuna mtu Namanyere asiyelijua.

Tulishinda, bima ikalipa, nikapata mguu wa bandia. Siku ya hukumu, pale nje ya mahakama, tajiri akaniuliza, "Mama, si ulisema umenisamehe?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, ndiyo maana nakupa mkono." Tukacheka wote wawili. Na fuso lake sasa lina breki.

Ndugu yangu uliyeumizwa, umejificha ndani ukidhani kudai haki ni dhambi, mtumaini Mungu. Samehe, halafu nenda kadai.

Namshukuru Mungu, nawashukuru akina mama wa sokoni. Kwaya, nipigieni wimbo wa kucheza. Leo nina miguu miwili!