Mama Ndoo na Samaki wa Kituo cha Tano

Ndugu, jamaa na marafiki mliotufikia, tunaomba mtuvumilie, kwa sababu anayewasomea maneno haya ni mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, fundi cherehani, aliyekabidhiwa kazi hii kwa kuwa macho yake bado mazuri, si kwa kuwa anaelewa kuliko wengine, na kuna mahali katika maisha ya dada yake ambapo hata sasa, baada ya siku nne za kuulizana, familia haijaelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, hivyo ndivyo cheti kinavyosema, ila mama mzazi, ambaye yupo nasi hapa, anasema ilikuwa mwaka mmoja kabla, na kwamba baba alichelewa kumwandikisha, na karani, alipochoka kubishana naye, akajaza tarehe iliyomjia kichwani. Tumekubaliana kusoma ya cheti na kuamini ya mama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1985, na mwaka 1987 akaomba nafasi ya chuo kikuu kusomea udaktari wa watu, barua ikarudi ikisema amechaguliwa kusoma elimu ya viumbe, baba akaisoma mara tatu, akatoka nje na kuwatangazia majirani kwamba binti yake atakuwa daktari wa ng'ombe. Marehemu alikanusha kwa miaka miwili, kisha akachoka, hata jirani alipomletea mbuzi mwenye kikohozi alimkagua kwa adabu zote, akasema apelekwe kwa mwenye kazi yake.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1991, akaajiriwa na chuo hicho hicho tarehe 1 Februari 1992, na shahada ya uzamivu akaipata mwaka 2003. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, chumba chenye mitungi ya wadudu wa maji, nyavu zilizoanikwa dirishani na buti za mpira nyuma ya mlango, na wanafunzi walimwita Mama Ndoo, kwa kuwa alikwenda kila mahali na ndoo yake nyeupe, mikutano ya wakubwa ikiwamo.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na dereva wa idara yao, jambo lililozishangaza familia zote mbili, na waliouliza waliambiwa kwamba siku moja gari lilizama kwenye matope ya mtoni kwa saa sita, na dereva yule, badala ya kunung'unika, akachungulia ndani ya ndoo na kuuliza, "Hawa samaki mnawala?" akajibiwa hapana, akauliza, "Mnawauza?" akajibiwa hapana, akasema, "Sasa?" na marehemu akacheka mpaka akakaa chini. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye anasomea uuguzi.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyomchukua miaka yake mingi. Mnamo Juni 2008 alianza utafiti wa mto ulio chini ya bwawa, akauwekea vituo sita, na katika kila kituo alipima maji na kumhesabu samaki mmoja mdogo wa rangi ya udongo, asiyezidi kidole, ambaye wavuvi hawamtaki, lakini yeye alisema penye samaki huyo mto bado ni mzima. Baada ya miaka mitatu aliwaambia wakubwa wa bwawa kwamba wakati wa kiangazi theluthi moja ya maji iachwe ipite, isigawiwe yote mashambani na mabombani, nao wakakubali, na malango yakafunguliwa tarehe 2 Julai 2012. Kati ya waliopunguziwa maji alikuwemo mjomba wetu, mdogo wake mama, ambaye kabichi zake zilinyauka msimu ule wote, naye hakukanyaga nyumbani kwa marehemu kwa karibu miaka minne.

Samaki walirudi katika vituo vinne vya kwanza, kama alivyosema. Katika cha tano na cha sita, ambako maji yalikuwa safi zaidi na kingo zilipandwa miti, walitoweka wote. Marehemu alichanganyikiwa, na mdogo wake anakiri kwamba hakuwahi kumwona hivyo, maana alipima joto la maji, akapima matope, akatafuta sabuni na dawa za mashambani, akarudi siku za mapumziko mume wake akiendesha, na mezani alikuwa akisimamisha kijiko hewani na kusahau kula. Alipoandika ripoti yake mwaka 2016, katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, chini ya kichwa cha sababu, aliandika neno moja, "Sijui." Mkuu wa idara alimsihi aandike kwamba utafiti zaidi unahitajika, naye akajibu, "Hiyo ni sijui iliyovaa tai," na akaliacha neno lake, na uprofesa uliokuwa ukitarajiwa mwaka ule ukapita, wala haukurudi.

Habari hizo zilimfikia mjomba, akaja asubuhi, akasimama mlangoni bila kukaribia kiti, akasema, "Umenikaushia shamba kwa ajili ya samaki, leo unaniambia hujui?" Marehemu akamjibu, "Ndiyo, mjomba, sijui, na shamba lako naliona kila nikipita. Kesho nakwenda kuangalia tena." Mjomba alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa pa kuushikia, na kesho yake, kwa sababu ambayo mwenyewe anasema haijui, alikuwa kando ya gari amebeba ndoo, na tangu hapo, kila Jumatano, akawa mtu wa mtoni.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2022, mwili ukipungua na miguu ikikosa nguvu, hospitali ya kwanza ikasema ni vidonda vya tumbo, ya pili ikasema ni damu, ya tatu ikasema ni mawazo, na dawa za huku zikagombana na dawa za kule. Katika hospitali ya nne daktari mmoja wa kike alikaa pembeni ya kitanda na kusema, "Mama, nimepima kila tulichonacho, na bado sijui," na marehemu akamshika mkono, akamgeukia mumewe na kusema, "Huyu ndiye anitibu." Shemeji yetu alitoka pale hajui acheke au alie, na mpaka leo anatuuliza ilikuwa furaha gani ile.

Jumatano tarehe 4 Oktoba 2023, asubuhi, binti yake akimsuka nywele, aliuliza leo ni siku gani, akaambiwa, akasema, "Basi wako mtoni," na saa nne na robo akaaga dunia. Simu ilimkuta mjomba ukingoni, kwenye kituo cha tano, wanafunzi wakiwa majini hadi kiunoni, akaisikiliza, akaitia mfukoni, akawaacha wavute wavu, wahesabu, waandike kwamba hakuna hata mmoja, ndipo akawaambia. Mwanafunzi mmoja alimuuliza kwa uchungu kwa nini aliwaficha, naye akasema, "Angeuliza mmepata wangapi. Mngemjibu nini?"

Familia inamshukuru daktari yule na wauguzi wa wodi, inawashukuru majirani waliotuazima viti na kukaa na mama, wakuu na wafanyakazi wa chuo, wanafunzi waliokuja na buti zenye matope bado, na wakulima wa chini ya bwawa, ambao hatukutarajia kuwaona, na wamekuja wengi kuliko sisi. Kwa wale tutakaowasahau, lawama ni za fundi cherehani.

Dada, umetuachia karatasi nyingi tusizoweza kuzisoma, lakini Jumatano ijayo gari litaondoka saa moja asubuhi, shemeji ataendesha, mjomba atakaa mbele, na mdogo wako, asiyejua kuogelea, ameomba nafasi nyuma. Wewe usiamke nasi. Pumzika, pumzika kwa amani.