Fundi Sikio na Kabureta ya Mwalimu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958. Hapana, 1957. Huo wa hamsini na nane ndio ulioandikwa kwenye kitambulisho chake, karani alikosea, na marehemu hakuwa mtu wa kubishana na karani. Dada yake anakumbuka vizuri kwamba ilipofika hamsini na nane mtoto alikuwa ameshaanza kutembea na kufungua kila chenye kifuniko. Basi iwe 1957, maana dada yupo hapa na hatanyamaza tukisema vingine.

Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi baiskeli na mkewe. Kifungua mimba ni kaka yake, anayesoma maneno haya. Familia ilimwomba aandike ukurasa mmoja. Mtamvumilia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu alizimudu, imla ilimtoa jasho. Walipokuwa darasa la nne walifundishwa na mwalimu mmoja, siku hizo binti mbichi aliyetoka chuoni juzi. Siku moja akamkuta marehemu ameifungua saa ya mezani kwake, vyuma vimetandazwa juu ya daftari la mahudhurio.

"Unafanya nini wewe?"

"Ilikuwa inasema vibaya, mwalimu."

Alichapwa viboko viwili, kisha akaambiwa aimalizie. Saa ikapona.

Mwaka 1974 kaka yake alimwingiza kwenye gereji alimokuwa akifanya kazi, nyuma ya ghala la mbao. Huko ndiko alikopata jina la Sikio. Alikuwa akisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini inayounguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. "Silinda ya tatu inalalamika," atasema, na ukifungua utaikuta ya tatu kweli. Kaka yake hakuwa na sikio hilo. Yeye alikuwa na pipa. Ndani ya pipa kulikuwa na maji ya moto na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, inayobabua mikono na kuacha vidole vinateleza. Chuma kizito chenye masizi ya miaka kikitumbukizwa humo kinatoka kama kimezaliwa leo. Kwa miaka thelathini pipa lile lilikuwa ufalme wake, na hakuna aliyeligusa bila ruhusa.

Tarehe 7 Agosti 1982, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Walijuana alipokwenda kushonewa suruali, akakaa kusikiliza cherehani badala ya kupimwa.

"Cherehani yako ina kiu, dada."

"Hayo ni mambo ya ufundi au unanitongoza?"

"Vyote viwili."

Alirudi kesho yake na kikopo cha mafuta, safari hii akapimwa. Suruali yenyewe, mjane anasema, hakuwahi kuja kuichukua.

Gereji ilifungwa mwaka 2009. Marehemu akageuza chumba cha uani, kilichokuwa stoo, kuwa karakana yake: meza moja, jiliwa la kubania vyuma, dirisha linalotazama kamba za nguo. Mwaka 2014 binti yake mkubwa, ambaye ni nesi, alimletea mashine. Kule hospitali walikuwa wakiosha mikasi na koleo za upasuaji kwa mashine ya namna hiyo. Ni tangi la chuma kisichoshika kutu, ukubwa wa sufuria ya wali wa watu wanane. Unatia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, unaning'iniza kifaa ndani ya kikapu cha waya kisiguse chini, unazungusha kitufe cha dakika. Mashine inatetemesha maji kwa sauti ambayo sikio la mtu haliifikii, na uchafu unatoka hata kwenye tundu ambalo sindano haiingii.

"Umeacha ufundi, sasa unaosha vikombe," kaka yake alimwambia.

"Kaka, acha maneno. Angalia."

Akachovya kipande cha karatasi ya alumini. Dakika moja tu, karatasi ikatoka na vitundu kama imepitiwa na mchwa. Kaka aliona kwa macho yake. Akasema ni mazingaombwe. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona pipa lake limekufa, na wivu wa mzee hauna daktari.

Sasa kuna jambo moja. Mwana wa marehemu, aliyepiga chapa karatasi hizi, alisema, "Baba mkubwa, hili si la kwenye wasifu." Lakini lisiposemwa leo litazikwa, na si haki lizikwe na huyu.

Jumanne tarehe 11 Oktoba 2016, yule mwalimu wa darasa la nne, sasa mjane na mstaafu, alileta gari aliloachiwa na mumewe. Kabureta ilikuwa imeziba. Ilikuwa ya alumini, ya aina ambayo haitengenezwi tena. Marehemu aliifungua, akatoa mipira na gasketi, akaitundika kikapuni, akaweka dakika kumi na mbili. Jirani akamwita nje, gari lake limegoma.

"Kaka, nitazamie. Ikizima yenyewe, usiguse kitu."

Mashine ikazima. Kaka akachungulia, akaona bado kuna weusi kidogo kwenye kona. Kwenye rafu kulikuwa na mkebe wa kostiki wa enzi za gereji. Akachota konzi moja, akatia, akazungusha kitufe tena. Alitaka amwonyeshe mdogo wake kwamba mkono wa zamani bado unajua. Miaka thelathini ya pipa, na akasahau kwamba pipa lilikuwa la kuoshea chuma, si alumini, ambayo kostiki huila. Maji yakafura povu. Alipoinua kikapu, kabureta ilikuwa nyeusi, imeliwa, midomo yake imekuwa kama biskuti iliyolowa.

Kaka alimwaga yale maji. Akatia mengine safi, na sabuni laini. Akaufunga mkebe. Hayo yote aliyafanya haraka, mzee wa miaka sitini na tatu, kama mtoto aliyevunja chungu.

Marehemu aliporudi aliishika kabureta kwa muda mrefu. Akasugua vidole viwili, kama mtu anayepima ulaini wa unga. Kisha akasema, "Nimezidisha dakika."

Na kaka yake, badala ya kusema lile moja lililokuwa kweli, akasema, "Nilikuambia hiyo mashine haifai."

Jioni hiyo walikwenda wote wawili kwa mwalimu. Marehemu alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Nimekuharibia, mwalimu. Kosa ni langu." Kaka alikuwa kando yake, hatua moja tu, anatazama viatu. Mwalimu alisema hata vyuma vinazeeka. Gari lile halikutembea tena. Marehemu aliifunika mashine kwa shuka, na hadi anafariki hakuiwasha. Mafundi waliompa kazi za kabureta wakapungua. Mkewe akawa anakunjia nguo juu ya mashine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa huyu kaka yamekuwa mzee mwenzake. Wanakaa wote kibarazani, na kaka ndiye wa kwanza kuchoka.

Mwalimu yupo hapa leo, mstari wa pili. Asikie: mkono haukuwa wa marehemu. Mashine haikuwa na kosa.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuumwa figo. Kila Jumanne na Ijumaa kaka yake alimpeleka hospitali kusafishwa damu. Marehemu alikuwa akitazama mipira ile ya kupitishia damu na kucheka: "Kaka, leo naoshwa mimi." Kaka alicheka naye. Safari zaidi ya mia mbili, kwenda na kurudi, na kila safari alikuwa na la kusema likaishia kwenye habari za foleni.

Alifariki Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita. Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, dada yake, na kaka yake. Alale salama fundi wetu, na aliyemnyima utulivu asamehewe.

Jumatatu ile, siku tatu kabla, kaka alivuta kiti karibu na kitanda, akauliza kuhusu kabureta. Marehemu alikuwa macho kabisa. Alimtazama, akaomba maji, akanywa, akageukia ukutani. Baada ya kufariki kaka alimuuliza mjane, naye akasema, "Shemeji, chai inapoa." Kwa hiyo anauliza tena, hapa, mbele ya watu wote: ulijua ni mimi, mdogo wangu, ukaamua kunibebea?