Kikombe Chenye Namba Yangu

Wapendwa, kabla hamjaniitikia amina, ngojeni kwanza. Kabla mvua hazijaanza nilisimama hapa hapa, mbele ya kikundi chetu hiki cha wagonjwa wa figo, nikatoa ushuhuda mkanipigia makofi mpaka mabati yakalia. Leo nimekuja kuurekebisha. Ule ushuhuda ulikuwa na uongo ndani yake, na aliyeutia huo uongo ni mimi.

Wengi mnanijua. Nakaa Mraru, na maisha yangu ya kazi yote yaliishia kwenye ranchi upande wa Ndara, nikiwa nyapara wa wachunga ng'ombe. Ng'ombe akiugua, mimi ndiye nilikuwa nainama nyuma yake, nachukua kinyesi, nakifunga vizuri, kinapelekwa kwa daktari wa mifugo. Vijana wakiziba pua nilikuwa nawacheka. Shikeni hilo, nitalirudia.

Presha ndiyo iliniharibu figo, na presha yenyewe niliipuuza, sitamlaumu mtu. Kule kliniki wakaniomba niingie kwenye utafiti. Nesi wa utafiti alinieleza polepole: wanatufuatilia sisi wenye figo mbovu, waone kama tunaota uvimbe wa tumbo na utumbo kuliko watu wengine, na kama uvimbe huo unaweza kupatikana mapema kabla haujaanza kuuma. Nikaona ni jambo zuri. Vipimo vya bure, dawa za presha, na mtu wa kukupigia simu kuuliza umeamkaje. Nikatia sahihi.

Halafu akanipa kikombe kidogo cha plastiki, kifuniko chake kina kijiko, na ubavuni kimebandikwa namba yangu. "Mzee, hii ni ya choo kubwa. Kidogo tu, kama maharagwe mawili. Ukishapata, uniletee siku hiyo hiyo."

Ndugu zangu, nawaambia, mwanamume aliyeshika mavi ya ng'ombe miaka yote hiyo alishindwa na yake mwenyewe. Choo chetu ni cha shimo na magoti yangu hayapindi. Eti nitandike gazeti, nichuchumae, nilenge! Siku ya kwanza nikatoka mikono mitupu. Siku ya pili tumbo likafunga kabisa. Siku ya tatu nesi amepiga simu asubuhi, bodaboda yuko nje anapiga honi, mimi nazunguka uani na kikombe. Na kusema kweli haya ilikuwa imenishika, kumpelekea binti wa watu kitu kama hicho na anaijua sura yangu.

Mama watoto akatoka jikoni. "Kwani unasumbuka na nini tangu juzi? Lete hapa hicho kikombe."

Nikampa. Uji haujapoa, akarudi amekifunga kwa karatasi ya kaki. "Peleka. Choo ni choo, watajua ni ya nani?" Tukacheka wote wawili. Nilicheka mpaka mjini.

Cheko liliisha wiki mbili baadaye. Nesi alipiga simu nikiwa nakata nyasi za mbuzi. "Mzee, kwa ile choo yako tumepata damu. Haionekani kwa macho, lakini kipimo kimeiona."

"Yangu?"

"Ndio, yako. Namba ni yako. Usiogope, tutakupeleka Mombasa upigwe kamera ya utumbo."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi moja tu. Lakini niliona nikisema nitatolewa kwenye utafiti, dawa ziende, na nchi nzima ijue mzee mzima ameomba choo kwa mke wake. Nikanyamaza. Na mama watoto sikumwambia habari ya damu. Nilimwambia ni vipimo vya figo. Nilijidanganya kwamba mashine hukosea, kwamba labda amekula kitu. Lakini mlimani nilikuwa namuona. Tukipanda shambani Mbololo, yeye aliyekuwa ananiacha nyuma siku zote, sasa alikuwa anakaa kwenye jiwe mara tatu kabla ya kufika kwenye migomba yake. Anasema ni uzee. Mimi nilijua, na bado nikanyamaza.

Nikaenda Mombasa na ndugu yangu. Ile dawa ya kusafisha utumbo, hee! Tumbo lililogoma siku tatu siku hiyo lilifanya kazi bila kuombwa. Wakanipitishia kamera, daktari akasema, "Mzee, huku kuko safi kabisa." Ndugu yangu akarusha mikono juu. Mimi nikawaza lile jiwe la Mbololo.

Kurudi, mkanikuta hapa. Mlikuwa mmeniombea. Mkaniambia nisimame, nikasimama, na mdomo ukaenda wenyewe: walikuta damu, wakatafuta uvimbe, hawakuona kitu, Mungu ameuondoa. Mnakumbuka mlivyoshangilia. Mwenyekiti alianzisha wimbo. Nilipotazama upande wa akina mama, niliona mtu mmoja tu ambaye hakupiga makofi. Alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, ananitazama. Hiyo damu alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Tulitembea mpaka kwenye reli. Pale akasimama.

"Baba watoto, ile damu ni yangu."

Nikasema ndio.

"Umejua tangu lini?"

Nikamwambia. Sikuficha siku hata moja. Nilitegemea anitukane, ningeshukuru angenitukana. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unangoja niwe nimekufa ndio useme?" Wapendwa, nimepigwa pembe na ng'ombe dume na sikulia. Pale kwenye reli, mchana, watu wakipita, nililia.

Jumatatu kliniki ilipofunguliwa tulikuwa mlangoni wawili. Nikamwambia nesi yote, kikombe, karatasi ya kaki, bodaboda. Kidogo acheke. Halafu akamtazama mama watoto, uso ukabadilika. Akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele: "Mzee, hiyo namba si ya kikombe, ni ya mtu. Sisi tumekuwa tukimtafutia ugonjwa mtu ambaye hana, na mwenye nao yuko nyumbani anapika." Hakunifukuza. Aliandika ripoti kwa wakubwa wake, nikapewa kikombe kingine, na safari hii nilichuchumaa, magoti yakalia, nikaleta cha kwangu. Kilikuwa safi.

Mama watoto hakuwa mtu wa utafiti, lakini nesi huyo na daktari wake walihangaika naye kama ni mtu wao. Barua, simu, bima, mpaka akapigwa kamera. Uvimbe ulikuwepo, kwenye utumbo mkubwa. Akapasuliwa, wakakata kipande wakaunganisha. Tukangoja majibu ya ile nyama, na siku za kungoja sitaki kuzisimulia. Daktari alipotuita alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Ulikuwa haujasambaa. Akasema, "Mama, umewahi." Mimi nilikaa chini.

Namshukuru nesi, namshukuru daktari, nawashukuru nyinyi mliochanga na kupika zamu zamu alipokuwa amelala, bila kujua niliyoyafanya. Figo zangu bado ni zile zile mbovu, lakini sasa nalala usingizi. Funzo langu ni fupi. Ukipewa kikombe chenye namba yako, tia cha kwako. Na ukijua kitu kuhusu mwili wa mwenzako, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama kusema kutakuvua nguo mbele za watu.

Sasa jambo la mwisho. Yale makofi mliyonipigia hayakuwa yangu, nimeyarudisha. Mwenyewe yule pale, benchi la pili, kitenge cha kijani. Jumanne alipanda Mbololo mpaka kwenye migomba hakukaa kwenye jiwe hata moja, mimi ndiye niliyebaki nyuma nikihema. Mama watoto, simama wakuone.

Haya, mpigieni.