Aliyetufungulia Msimbo wa Feni: Bi. Halldora Sigvaldason Anastaafu

Baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Larkmoor kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Halldora Sigvaldason atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Machi. Wakubwa waliniomba niandike ukurasa mmoja wa jarida la wafanyakazi. Niliwajibu kwamba ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza alivyo mkali uwanjani anapocheza ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu. Hawakunijibu, kwa hiyo nimejipa ruhusa ya kuandika zaidi.

Alikuja hapa Winnipeg mwaka 1994 akitokea Gimli, kando ya ziwa, akiwa na shahada ya sheria na hasira za karibu. Aliajiriwa kushughulikia mikataba ya mauzo ya vidhibiti vyetu, vile visanduku vya kijivu vinavyoamua feni za banda la kuku zizunguke lini na hita iwake lini. Kazi hiyo aliiweza upesi, kisha ikamchosha. Alianza kufuma soksi kwenye vikao. Wengi wetu tunazo hizo soksi mpaka leo, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba zinawasha.

Kazi iliyomjengea jina ilianza siku wahandisi walipofurahi kwamba visanduku vipya vitatumia mfumo wa Linux, na juu yake programu nyingine huria zilizoandikwa na watu wasiotufahamu. "Ni bure, Dora," alisema mkurugenzi wetu, Garth Penner, ambaye ndiye peke yake anayemwita hivyo bila kugombezwa. Halldora akauliza, "Bure kwa sharti gani?" Pale mezani hapakuwa na mtu aliyesoma leseni hata moja. Alizibeba zote nyumbani Ijumaa, na Jumatatu akarudi na maswali yaliyowatoa wahandisi jasho. Mwezi haukwisha kabla Garth hajamtengea ofisi na cheo ambacho hapo awali hakikuwapo: msimamizi wa leseni, ambaye bila sahihi yake hakuna kisanduku kinachotoka kwenda kuuzwa.

Halldora hakupenda mifano. Mtu akianza kusema leseni ni kama keki, alimkata kauli papo hapo: leseni ni leseni, soma. Nitamtii. Baadhi ya leseni hizo ni nyepesi, hazidai zaidi ya jina la mwandishi na tangazo lake kubaki mahali pake. Nyingine zina uzito. Zinasema chukua, tumia, badilisha upendavyo, lakini ukimuuzia mtu chombo chenye programu hii ndani, lazima aweze kuupata msimbo chanzo, yaani yale maandishi ya wahandisi yenyewe, pamoja na mabadiliko yako na maelekezo ya kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi. Tena umwachie na yeye uhuru huo huo uliopewa wewe. Ukikataa, ruhusa yako ya kuuza chombo hicho inakufa.

Mimi ndiye ninayeandika vijitabu vya maelekezo. Ni Halldora aliyenilazimisha kuweka ukurasa wa mwisho unaosema kwamba mtu yeyote atakayeuomba msimbo huo ndani ya miaka mitatu atapewa. Nilimwambia hakuna mfugaji atakayefika ukurasa ule. Akaniambia niuchape hivyo hivyo, na herufi ziwe kubwa.

Basi mfugaji mmoja akafika. Aliitwa Zacharias Maendel, fundi umeme wa Rosenfluss, koloni ya Wahutteri (Wakristo wanaoishi na kufuga kwa pamoja), mtu wa makamo ambaye vijana wa kwao humwita Zack-Vetter kwa heshima. Alikuwa amenunua kisanduku chetu mkononi mwa mkulima aliyefunga banda lake. Baridi ilipofika nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, feni zilisimama zenyewe, na koloni ikapoteza kuku wa banda zima kwa kukosa hewa. Huduma kwa wateja walimshauri anunue kisanduku kipya. Yeye alikuwa na mabanda mengine mawili yenye visanduku vya aina ile ile, na Desemba ilikuwa imebisha hodi. Alitaka msimbo ili aitafute kasoro mwenyewe, na aliomba kwa adabu zote.

Garth alikuja juu. "Huyo hata si mteja wetu, Dora. Kanunua mtumba."

"Imeandikwa mtu yeyote," Halldora akasema, sindano zake za kufuma zikiendelea. "Hata akiomba mama yako, anapewa."

Wahandisi wakaagizwa watume. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo nadhani halifanywi na watu wengine duniani ila wao. Walikwenda mtandaoni, wakapakua Linux safi kama ilivyo, wakaitia kwenye diski, wakaituma Rosenfluss na roho nyeupe. Kwa akili yao walikuwa wametimiza wajibu, maana jina ni lile lile na toleo ni lile lile. Zacharias akapiga simu baada ya siku chache. "Mama Sigvaldason, nashukuru kwa diski," alisema, "ila hii mliyonitumia haijui kama duniani kuna kitu kinaitwa feni."

Siku hiyo jengo zima lilimsikia Halldora akishuka ngazi. Kijana mmoja akajitetea kwamba si ndiyo hiyo hiyo. "Hiyo hiyo ingekuwa na mikono yenu ndani," akamjibu. "Mliibadilisha kwa miaka minne. Mwenye kisanduku anadai iliyomo kwenye kisanduku, siyo binamu yake."

Ndipo akaanzisha desturi ambayo imedumu hadi leo. Alichukua kompyuta tupu, akaiweka kwenye chumba cha vifaa vya usafi na kuipa jina la Mgeni. Akatoa amri kwamba msimbo wowote unaotoka nje lazima kwanza ujengwe kwenye Mgeni na mtu asiyejua chochote kuuhusu, akifuata maelekezo yale yale atakayopewa mwombaji. Kitakachotoka kilinganishwe na kilichomo kwenye kisanduku. Wa kwanza kuitwa alikuwa Wendell Flett wa upakiaji, ambaye alifuata maelekezo ya wahandisi mstari kwa mstari mpaka yalipomfikisha ukutani, kisha akatoka na kuwaambia, "Jamani, hapa mmeandika 'endelea kama kawaida.' Kawaida ya nani?" Wameyaandika upya mara nyingi sana tangu siku hiyo.

Lakini Mgeni alifichua jambo zito zaidi. Kwenye kila kisanduku kulikuwa na programu yetu wenyewe, Pumzi, iliyopanga hewa ya banda kwa ustadi ambao washindani wetu hawakuukaribia. Iliandikwa na Lubomyr Danko, mhandisi wetu mkuu, kwa miaka saba. Pumzi ndiyo iliyotulisha. Halldora alikwisha kumhakikishia Garth kwamba Pumzi inakaa peke yake, haijachanganyika na programu za leseni nzito, na kwa hiyo ni mali yetu na haitatoka. Wendell alipojaribu kuijenga, ikagoma. Ilidai kipande kingine cha kusoma vipimo vya joto. Kumbe kipande hicho kilikuwa cha watu wengine, chenye leseni ile nzito, na Danko alikuwa amekishonea ndani ya Pumzi moja kwa moja, akidhani kitu kidogo namna ile hakiwezi kuwa na neno.

Halldora angeweza kukaa kimya. Zacharias hakujua, na hata wenye kipande chao hawakujua. Alikwenda ghorofani akamwambia Garth kwamba yeye Halldora alikuwa amekosea, kwamba Pumzi haikai peke yake, na kwamba njia zipo tatu. Kuifungua Pumzi yote chini ya leseni ile. Au kukiondoa kipande, kuandika kingine, na kwenda kuwaomba radhi wenyewe kwa visanduku vilivyokwisha kuuzwa. Au kuacha kuuza.

"Na ya nne ni kunyamaza," Garth akasema.

"Hiyo haipo."

"Dora, malori yapo mlangoni yamejaa visanduku. Msimu ndio huu. Unajua kuna watu wangapi humu ndani wanaokula kwa Pumzi?"

"Najua, na mimi mmoja wao," Halldora akasema. "Ila bila sahihi yangu hayatoki. Ukitaka yatoke, tafuta mwenye sahihi nyingine."

Garth alikuwa na uwezo wa kumfukuza saa ile ile, na wote tuliokuwa kwenye korido tulidhani amekwisha kufanya hivyo. Malori yalikaa. Danko alipopata habari alishuka hadi ofisini kwa Halldora, mweupe kama karatasi. "Pani Halldora," alisema, maana yeye na hilo neno la Kiukraine la kumwita mtu Bibi hawaachani hata kwenye ugomvi, "miaka saba. Unataka kumpa kila mtu miaka yangu saba." Halldora aliacha kufuma. Alimwambia kwamba anamhurumia, na kwamba hatabadilisha neno.

Kuandika kipande kingine kungechukua msimu mzima, na mabanda ya Rosenfluss yasingesubiri. Garth alitembea kwenye maegesho ya magari bila kofia, katika baridi ile, kisha akaingia na kusema Pumzi ifunguliwe. Alisema pia maneno mengine ambayo jarida hili halichapishi. Wendell aliijenga yote kwenye Mgeni, ikalingana, na Halldora akatia sahihi. Malori yakaondoka, na diski ya pili ikaenda Rosenfluss.

Sitawadanganya kwamba tulitoka salama. Mshindani mmoja aliichukua Pumzi bila kuchelewa, kwa haki yake kabisa, na tukapoteza wateja wakubwa wawili. Mwaka uliofuata haukuwa na nyongeza kwa yeyote. Kwenye chumba cha chakula kulikuwa na watu waliohama meza Halldora alipokaa. Danko hakusema naye majira yote ya baridi. Halldora alikula peke yake, akafuma, na Krismasi akaleta vinarterta yake, ile keki ya matabaka ya kwao Gimli yenye plamu zilizokaushwa, kama kila mwaka, bila kupaka sukari juu, akiiweka katikati ya meza kwa wanaotaka na wasiotaka. Najua iliuma. Niliwahi kumkuta garini, injini inaunguruma, hajachomoa ukutani waya wa kupasha injini moto, amekaa tu.

Zacharias aliipata kasoro mwezi Januari. Feni zilisimama kwa sababu Pumzi ilikiona kipimo cha baridi kali kuwa kipimo kilichoharibika, ikazima kila kitu kwa usalama. Danko aliandika sehemu hiyo majira ya kiangazi, na hakuwa amefikiria nyuzi thelathini na tano. Mabanda mawili ya Rosenfluss yalipita wiki ya baridi kali kuliko zote bila kupoteza kuku kwa kukosa hewa. Kisha Zacharias akafanya asilolazimika kutufanyia: akaturudishia marekebisho yake. Mshindani wetu naye, kwa kuwa aliuza visanduku vyenye Pumzi aliyoiboresha, akabanwa na leseni ile ile kutoa maboresho yake kwa wateja wake, na kutoka kwao yakatufikia. Visanduku tunavyouza leo ni bora kuliko vile tulivyokuwa tukivificha.

Zipo tuzo ambazo Halldora amepokea, na kampuni nyingine zimetuma watu kuja kumtazama Mgeni kwenye chumba chake cha mifagio. Yote hayo yataelezwa na Garth kwenye hotuba yake, ambayo ni ndefu, nimeiona. Nami nitaeleza moja ambalo Garth halijui.

Pumzi ilipokuwa imefungwa, ndani yake kulikuwa na jina la Larkmoor tu. Ndivyo programu za kampuni zilivyo, na mwandishi anapotea ndani ya mshahara wake. Kabla ya kuitoa, Halldora alipita kila faili la Pumzi kwa mkono wake. Chini ya tangazo la haki za Larkmoor akaongeza mstari mmoja wa mwandishi: Lubomyr Danko. Hakumwambia. Leseni haikumtaka auongeze, ila ukishakuwamo ndani ya tangazo, leseni inamkataza kila anayeichukua programu kuuondoa. Faili la marekebisho liliporudi kutoka Rosenfluss, Zacharias alikuwa ameandika chini ya mstari ule, kama inavyotakiwa, jina lake, tarehe, na alichobadilisha. Jina la Danko lilikuwa limebaki juu. Kwenye kisanduku cha mshindani lilikuwamo. Siku hizi limo kwenye mabanda ya nchi ambazo yeye mwenyewe hajafika.

Nilikuwa ofisini kwa Halldora, tukibishana kuhusu ukurasa wangu wa mwisho, Danko alipobisha mlango kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alikuwa na karatasi aliyoichapa, ukurasa wa kwanza wa faili lililorudi kutoka Rosenfluss. Hakukaa.

"Pani Halldora," alisema, "mke wangu huwa ananiuliza nafanya nini huku. Kila mwaka ananiuliza. Jana nimemwonyesha hii." Akaiweka karatasi mezani. "Ameisoma kwa sauti."

Halldora alimsogezea kiti, na Danko akakaa.

Bi. Halldora, kwa niaba ya wote wa Larkmoor, na kwa niaba ya Lubomyr ambaye ameniambia mwenyewe niliandike hili, asante. Nenda ziwani kwako ukapumzike, ufume unachotaka, na siku zako ziwe nyingi na njema.